Kushuka Bugarama kwa Point Mort

Mirindi alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia mbele ya madereva wenzake, na kitu hicho hakikuwa gari, maana gari halikuwa lake. Kilikuwa kushuka. Kupanda mlima, alikuwa akisema, hata mjinga anapanda, ni kukanyaga tu. Lakini kutoka Bugarama mpaka chini Bujumbura, kilomita thelathini na kitu za kona na makorongo, Mirindi alishuka bila gari kunywa hata kijiko cha esansi, yaani petroli. Akifika juu anatoa gia, anaweka point mort, gari haliko mbele wala nyuma, linaserereka kwa uzito wake lenyewe, na yeye kazi yake ni usukani na breki. Madereva wa Kinama, mtaani kwake, walimwita Papa Mutelemuko, naye aliitika.

Na msimcheke. Katika mji ambamo mtu anakaa foleni ya esansi siku tatu na kurudi nyumbani na dumu tupu, mwenye kuokoa lita mbili si mtu wa kuchekwa. Mlima ule ulilisha nyumba yake miaka kumi na miwili, tangu alipokimbia vita akavuka kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, na mkewe Marguerite, na binti yao Espérance akiwa bado mtoto wa shule. Wadogo wawili walizaliwa huku huku Kinama.

Tajiri wake aliitwa Huseni, mtu wa Buyenzi, mtoto na mjukuu wa watu wa magari. Kila mwaka Huseni aliagiza magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika, yanateremshwa Dar es Salaam, yanakuja kwa barabara, mengine anauza, mengine anawapa madereva kama Mirindi. Kisha ushuru ukaanza kupanda. Gari likizidi umri huu, lipa hivi. Likizidi umri ule, lipa mara mbili. Likafika mahali ushuru unalipita gari lenyewe.

“Sasa mi nanunua gari, ao nanunua karatasi ya douane?” Huseni alifoka siku moja katikati ya gereji, akapiga paja. “Wallahi, wanataka tupande punda!”

Akaambiwa kwamba gari la umeme linaingia karibu bure. Basi akauza Carina ambayo Mirindi aliiendesha miaka tisa, akaleta mawili ya umeme, nayo si mapya, yalikwisha kuchoshwa na watu wengine huko yalikotoka. Umeme! Mji ambamo umeme wenyewe unakuja kama mgeni wa heshima, unakaa saa mbili, unaaga! Nani aliwahi kufikiria jambo hili mpaka mwisho wake? Hakuna. Ushuru ulisema twende huku, na watu wakaenda.

Binti yake Huseni, Houda, aliyekuwa amesomea mambo hayo, ndiye aliyemkabidhi Mirindi gari lake jipya kuukuu. Akamwonyesha waya wa kuchaji, akamwonyesha kitufe cha kuwashia, akamwonyesha namba mbele ya usukani.

“Papa Mirindi, hii namba njo kila kitu. Mia, imejaa. Ziro, imekufa.”

“Na hii N ni nini?”

“Ni point mort.”

Mirindi akatabasamu. Kumbe hata hili linayo. Basi tutaelewana, akajisemea, na hakuuliza tena.

Sasa hapo kwenye nyumba ya Mirindi kulikuwa na jambo kubwa kuliko magari yote ya Huseni. Miaka saba walikuwa kwenye orodha ya wakimbizi wanaosubiri kuchukuliwa na nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari. Miaka saba ya kuhojiwa, kupimwa damu, kupigwa picha, kuambiwa subirini. Wenzao wa kanisani walishaondoka, wanatuma picha wamesimama kwenye theluji. Marguerite alinunua masanduku mawili mwaka wa nne, akayaweka juu ya kabati, na kila Jumamosi aliyapangusa vumbi.

Jumatano moja mchana simu ikalia. Ilikuwa ile ofisi ya safari. Kesho, Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, familia nzima, watu watano, wawe mlangoni na mizigo yao. Ndege ni jioni. Na yule mama wa simu akarudia mara mbili, kwa upole, kwamba akikosekana mtu mmoja, dosie yote, faili la familia nzima, inabaki.

Marguerite alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. Kisha akanyamaza ghafla. “Na Espérance?”

Espérance alikuwa Bugarama. Wiki nzima alikuwa huko juu kukusanya kabichi na viazi vya kuleta sokoni, na viazi vyenyewe vilikuwa vinamwozea kwa sababu hakuna gari lililokuwa likishuka. Esansi ilikuwa imekatika kabisa wiki ile. Wakampigia, akalia kwa furaha kwenye simu.

“Apande kwa bale ba vijana ba baiskeli, benye kushusha ndizi,” Marguerite akasema. “Leo hii hii. Saa moja tu ameshafika.”

“Apana!” Mirindi akakataa. “Mutoto wangu ashuke kama mukungu wa ndizi, siku ya kuondoka? Avunjike shingo kwenye kona? Mi niko na gari yenye haiulizi esansi. Kesho asubuhi nitamufata mi mwenyewe, we na badogo mutatungoja kule kwenye ofisi.”

“Papa Espé, unanihakikishia?”

“Mama Espé. Ni mulima wangu ule.”

Na kweli ulikuwa wake, nani angebisha?

Usiku umeme haukuwapo Buyenzi. Ulikuja alfajiri. Mirindi alikuwa gerejini tangu saa kumi na moja, amekaa kando ya ule waya kama mtu anayemkamua ng'ombe mkaidi. Houda alikuja kumsalimu na kumwambia asikimbie sana wakati wa kupanda, kupanda kunakula. Saa kumi na mbili na nusu namba ilifika sabini na nne. Mirindi alitaka zaidi, lakini saa nayo ilikuwa inakwenda. Akachomoa waya, akaondoka.

Kupanda kulikula kweli. Sabini, hamsini na tano, arobaini. Kila kona namba inashuka. Gari lile lilikuwa limezeeka ndani, linaonyesha umeme mwingi na kushika kidogo. Alipoanza kuona mabanda ya kabichi ya Bugarama ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi, na namba ilisema kumi na moja. Jasho lilikuwa limelowesha shati mgongoni. Kisha akageuza gari, akaangalia barabara inavyoinamia chini, akacheka peke yake. Toka hapa ni kushuka tu. Na kushuka, jamani, si ndiyo kazi yake?

Espérance hakuwa barabarani, mahali walipopatana. Mirindi akapiga honi, hakuna mtu. Akaenda mbio hadi kwa Mama Odette, mjane aliyekuwa akimpa binti huyo chumba cha kulala. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Espérance alikuwa amepiga magoti sakafuni, na Mama Odette na wanawake watatu wa sokoni wamemwekea mikono kichwani, wanamwombea safari. Mirindi alivua kofia. Mtu hachomolewi kwenye sala. Kwao ingekuwa laana, na hasa siku kama ile. Akasimama mlangoni akihama mguu huu na mguu huu. Mama Odette aliombea ndege, akaombea rubani, akaombea theluji isimuumize, akaombea mume mwema wa kumpata huko. Akasema amina, kisha akakumbuka jambo, akaanza upya. Walipotoka hapo ilikuwa saa mbili na nusu.

“Papa, unisamehe, sikuweza kusimama,” Espérance akasema akifunga mlango wa gari.

“Si kitu. Ukae vizuri. Leo utaona kushuka.”

Akaweka N. Gari likaanza kuteleza.

Ee Mungu, walishuka vizuri! Hakuna ngurumo, hakuna moshi, upepo tu unapita dirishani na harufu ya mikaratusi iliyolowa. Mirindi alikuwa anagusa breki kidogo, anaachia, anagusa tena, analaza gari kwenye kona kama alivyofanya maisha yake yote. Chini kabisa ziwa lilikuwa linaonekana, na ng'ambo yake milima ya kwao. Espérance aliangalia milima ile, akasema wataiona tena lini. Mirindi akamwambia mtu anayekwenda mbele haangalii nyuma, na yeye mwenyewe akaangalia. Harufu ya breki iliingia ndani, lakini hiyo aliizoea.

“Ona namba! Kumi na moja. Bado kumi na moja. Haya, kumi. Toka Bugarama, moja tu! Ni nani mwingine anaweza?”

“Hakuna, Papa!” Espérance alipiga makofi kama alivyokuwa akipiga utotoni.

Walifika chini saa tatu na robo, na namba ilisema tisa. Kilichobaki kilikuwa kuukata mji mpaka ile ofisi upande wa pili, kusini, karibu na ziwa, tambarare tupu. Mirindi akaweka D, gia ya kwenda mbele. Na hapo ndipo gari lilianza kula kama lenye njaa ya mwaka mzima. Nane. Sita. Nne. Mara kwenye kioo cha mbele ya usukani ikawaka picha ya manjano.

“Papa, hii ni nini? Kobe?”

Alikuwa kobe kweli, na gari nalo likawa kobe. Mirindi alikanyaga mpaka mwisho, halikusikia. Likajikokota hatua mia mbili, likafika ubavuni mwa foleni ya esansi, likasimama kimya vile vile lilivyokuwa likitembea. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tatu.

Foleni ile ilianza stesheni ya esansi na kuishia pasipoonekana. Magari mia, labda zaidi, madogo, makubwa, mapya, makuukuu, wenyewe wamelaza viti na kulala. Mirindi alikimbia kutoka dirisha moja hadi jingine. “Ndugu yangu, uniokoe, niko na safari, mutoto wangu, ni dakika kumi tu! Uko na hata lita moja ya kunifikisha?” Na kila dirisha lilimjibu lile lile.

“Muzee, ningekuwa nayo, ungenikuta hapa?”

Magari mia, na hakuna hata moja lenye uwezo wa kutembea. Dereva mmoja wa Kamenge alimtambua, akatoa kichwa dirishani, akacheka. “Papa Mutelemuko! Leo umekosa mulima?” Alitania tu, maskini, hakujua. Mirindi alitamani ardhi impasukie.

Pikipiki za abiria upande ule wa mji zilikuwa zimekatazwa. Wakakimbia. Mirindi alikuwa na miaka hamsini na mitatu na goti bovu, na Espérance kila baada ya hatua kumi aligeuka kumngoja.

“Nenda! Kimbia we!”

“Papa, we pia jina lako iko kwenye ile karatasi. Nifike mi peke yangu inasaidia nini?”

Alisema kweli. Espérance akamshika mkono, akamvuta, wakaenda hivyo baba na binti katikati ya mji wakihema, na watu wanawapisha wakidhani kuna aliyekufa.

Walifika saa nne na dakika ishirini na tano. Marguerite alikuwa amekaa nje ya geti juu ya sanduku moja, wadogo wawili wamekaa juu ya jingine, wamevaa viatu vipya. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

“Balituita mara tatu,” alisema. “Ule mama alitoka mwenyewe akaangalia barabara. Bisi imeenda.”

Ofisini waliwapokea vizuri, haiwezi kusemwa vingine. Waliandika majina yao, wakasema tarehe nyingine itatafutwa. Wakarudi Kinama kwa miguu na masanduku kichwani. Siku ya kumi na nane simu ikalia tena. Ile nchi ilikuwa imefunga mlango wake kwa wakimbizi wote, walioitwa na wasioitwa, na hakuna aliyejua utafunguliwa lini, au kama utafunguliwa. Marguerite alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akampa Mirindi simu, akaenda kulala saa nane mchana. Alilala siku mbili.

Alipoamka, alikuwa amekwisha kujua mwenye kosa. Hakuwa Mirindi. Mumewe alipanda alfajiri, alikimbia kwa goti bovu, alifanya yote ya baba. Gari ni chuma, halina akili ya kulaumiwa. Lakini ile nusu saa na zaidi, Espérance amepiga magoti kwa Mama Odette wakati baba yake anangoja mlangoni! Wangeondoka saa mbili kasoro, hata gari lingekufa pale pale lilipokufa, wangefika kwa miguu na robo saa mkononi. Hesabu ilikuwa wazi, na hakuna aliyeweza kuibomoa. Tangu siku ile Marguerite hakumsemesha binti yake ila kwa ajili ya chumvi na maji. Espérance aliacha kwenda Bugarama. Aliacha kwaya. Alikuwa anakula vijiko viwili na kusema ameshiba.

Mwezi ulipopita, Houda alimwita Mirindi gerejini. Gari lilikuwa limepandishwa juu, magurudumu yametolewa.

“Papa Mirindi, breki zote zimeungua, chuma imekuwa bluu. Siku ile ulishuka namna gani?”

“Nilishuka vile ninashukaka,” Mirindi akajibu, na hata katika huzuni yake sauti ilipanda kidogo. “Point mort, toka juu mpaka chini. Ilikula mbili tu.”

Houda alisimama na kitambaa mkononi. Hakujua habari ya dosie. Alijua gari lilizimika tu mjini, likavutwa kwa kamba. Akamfundisha kama mtoto mwenye adabu anavyomfundisha mzee, taratibu, bila kumwangalia machoni.

“Papa, hii si kama Carina. Hii ikishuka mu D, magurudumu njo inatengeneza umeme, inarudisha ndani. Mulima njo inaichaji. Ukiweka point mort, unaikatalia.”

“Inarudisha?”

“Ndiyo. Bugarama ni murefu. Ungefika chini na ishirini na tano, labda zaidi.”

“Ishirini na tano.” Mirindi aliketi juu ya tairi. “Kusini, karibu na ziwa, ningefika?”

“Ungefika, ungerudi Buyenzi, na ingebaki.” Akacheka kidogo kumtuliza. “Si kitu, Papa. Baba hatakasirika juu ya breki. Wengi hawajui.”

Ujuzi hauzeeki, watu wanasema. Uongo mtupu! Ujuzi unazeeka, unaoza, na mwenyewe anaendelea kuubeba kifuani kama nishani. Angepanda mlima ule mtoto wa jana, asiyejua kitu, mvivu wa kugusa gia, angeshuka na D yake, na leo watu watano wangekuwa ng'ambo ya bahari. Hata pamoja na ile sala. Wangefika saa nne kasoro robo, wangekuta basi, wangepanda. Ilihitajiwa mikono ya Papa Mutelemuko, mikono ya miaka ishirini na mitano, kuikatalia familia yake umeme ambao mlima ulikuwa unaitolea bure, kona kwa kona, mpaka chini.

Akarudi Kinama kwa miguu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Atamwita Marguerite, atamwita Espérance, atasema: si mtoto, ni mimi. Atasema hivyo tu, maneno manne, matano. Alipopita Kamenge aliyasema kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa anauza nyanya akamwangalia. Yalikuwa rahisi. Akayarudia.

Alipoingia nyumbani alimkuta Marguerite amekaa kwenye kiti, na Espérance amepiga magoti mbele yake. Kwao ndivyo anavyoomba msamaha mtoto aliyewakosea wazazi: anapiga magoti, anataja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na baba, aliye kichwa cha nyumba, ndiye anayejibu. Walikuwa wanamngojea yeye.

“Papa, ukae,” Marguerite akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka. “Mutoto iko na neno.”

Mirindi akakaa. Espérance alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inaonekana. Hakuinua macho.

“Papa, Mama. Ni mi niliwazuia kuondoka. Mulikuwa munaningoja, mi nikabaki kwenye magoti. Bale badogo bangekuwa sasa kwenye masomo mazuri. Mama angepumzika. Ni mi nilivunja maisha yenu. Sina mahali ya kukimbilia. Munisamehe.”

Marguerite akamgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile macho yake yalikuwa na maji. Alikuwa amemwangalia hivyo hivyo barabarani, wanavuka kutoka Fizi, alipomuuliza kama watafika. Macho ya mtu aliyebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwamini.

“Sema we, Papa Espé,” akamwambia. “Mi neno lako nitalifuata.”

Maneno yalikuwa pale pale mdomoni, manne, matano, yamekwisha pangwa. Mirindi alifungua kinywa. Aliangalia kichwa cha binti yake kilichoinama, akaangalia macho ya mkewe, akaona jinsi macho yale yatakavyogeuka akisema. Akaogopa. Mtu mzima, aliyepita vita, akaogopa.

“Nimekusamehe, mwanangu,” akasema.

Espérance alimshika mikono yote miwili, akaibusu, akaanza kumshukuru.